Feni ya Kuazima

Kutoka Mkuyuni hadi Igogo ni pua na mdomo. Mtu akienda bila haraka, akasimama njiani kununua karanga na kusalimiana na wawili watatu, atafika kabla karanga hazijaisha. Lakini Luhaga, fundi wa kompyuta, safari hiyo ilimchukua siku nne. Jumatatu aliambiwa aje, akasema ana kazi nyingi. Jumanne akasema umeme umekatika. Jumatano akasema anaumwa kichwa, na kweli kilikuwa kinamuuma. Alhamisi jioni akakosa uongo mwingine. Akafunga banda lake, akatia bisibisi, koleo na tepu nyeusi kwenye mkoba, akaenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kila kompyuta ya mezani ina boksi la chuma kwa nyuma, mafundi wanaliita pawasaplai, ndilo linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Boksi hilo lina feni yake ya kulipooza, na feni ikizeeka hukoroma. Mwenye kompyuta, mjane aitwaye Ayoo, alikuwa amemwambia kwenye simu, "Shemeji, nitafutie feni isiyo na kelele. Yoyote ile. Siwezi tena."

Isiyo na kelele, Luhaga alikuwa nayo moja tu. Ilikuwa kwenye bahasha ya kaki, chini kabisa ya mkoba. Feni nyeusi, nzuri, hata ukiiwekea sikio huisikii. Kwa miezi minane ilikaa kwenye droo yake. Hakuthubutu kuiuza, hakuthubutu kuitupa.

Ngoja niwaeleze mapema ilikotoka, msije mkamwonea huruma bure.

Mume wa Ayoo, Mwalimu Otuoma, alikuwa rafiki wa Luhaga wa miaka mingi. Akaugua kifua, mapafu yakachoka, akawa hawezi kuvuka chumba bila kushika ukuta. Watu wa kanisa lake wakamtafutia mashine ya hewa, ile inayovuta hewa ya chumbani, inaichuja, kisha inampelekea mgonjwa oksijeni kwa mrija wenye kinyago cha plastiki. Siku moja ya Alhamisi mashine ikaletwa bandani kwa Luhaga isafishwe vumbi. Isafishwe tu, jamani! Haikuwa na ubovu wowote. Siku hiyohiyo jamaa mmoja wa studio ya muziki kule Igoma akamjia juu, anataka kompyuta yake inyamaze kabla ya Jumamosi kwa sababu kelele zake zinaingia kwenye maikrofoni. Luhaga akazunguka mji mzima kutafuta feni tulivu, akakosa. Akarudi bandani, macho yakaangukia feni ya mashine ya Otuoma.

Mafundi wana tabia yao, wanaiita kuazima. Anachomoa kifaa cha mteja huyu anakitia kwa yule, akisema wiki ijayo nikipata kingine nitarudishia. Mwenye mali hajui. Mara nyingi hakiharibiki kitu, ndiyo maana wanaendelea. Luhaga akaazima. Kwenye mashine ya mgonjwa akatia feni kuukuu iliyokauka, akaidondoshea tone la mafuta ya cherehani ili ivumilie mpaka Jumatatu.

Otuoma hakuifikia Jumatatu.

Alfajiri ya Jumapili feni ile ilikwama. Mashine ikapata moto, ikalia pii, pii, ikazima. Ayoo akaiwasha, ikazima. Akaiwasha tena, ikazima. Akatoka mbio nje kutafuta gari, na aliporudi na gari, mumewe alikuwa amekwisha kata roho. Ndugu walioingia mwanzo waliikuta swichi ya mashine imezimwa.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijashushwa, baba mdogo wa marehemu, mzee Okeyo, akauliza lile swali linaloulizwa kwenye misiba yetu. "Kuna mtu mwenye kitu cha marehemu? Au marehemu ana kitu cha mtu? Aseme sasa, tumzike akiwa huru." Na aliyemshikia mzee Okeyo maikrofoni ili asikike hadi nyuma ni nani? Luhaga. Spika za msiba zilikuwa zake. Alisimama pale kaburini mkono umenyooka na mdomo ameufunga kama mlango wa benki siku ya Jumapili.

Baada ya hapo maneno yakaota miguu. Kwa nini swichi ilikutwa imezimwa? Ayoo akasema mashine ilizima yenyewe. Nani amwamini? Mashine ilikuwa imetoka kwa fundi juzi tu, tena fundi mwaminifu, rafiki wa marehemu! Basi wakasema mke kamzima mume. Kutoka hapo wakasema ni mchawi, alikuwa akimtafuna kifua kidogo kidogo tangu zamani. Mama mzazi wa marehemu, Bi Akumu, akaletwa kutoka Rorya aje akae kwenye nyumba ile kuilinda. Na Jumamosi hii, yaani kesho kutwa, ukoo ulikuwa unakuja kumtoa Ayoo ndani ya nyumba yake. Atoke na nguo zake. Watoto wawili wabaki.

Luhaga alikuwa anayajua yote hayo. Alikuwa anayajua, na bado siku nne alitafuta uongo. Mpango wake wa jioni ile ulikuwa mmoja: aipachike feni kwenye kompyuta ya marehemu, irudi nyumbani ilikotoka, yeye aende zake. Hakupanga kufungua mdomo. Alijidanganya kwamba hata hivyo ni kurudisha.

"Hodi."

"Karibu, shemeji." Ayoo alikuwa amekonda mpaka mabega yanaonekana ndani ya blauzi. Alinong'ona kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu, siyo yake. "Pole na kazi. Watoto nimewapeleka kwa jirani. Ingia."

Sebuleni taa ilikuwa moja. Bi Akumu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa chumbani, fimbo magotini, macho yamefunikwa na ukungu mweupe wa uzee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi akageuza uso taratibu, akaukazia upande wa kushoto wa Luhaga, pale ambapo hapakuwa na mtu. "Mkwe, leta viti viwili."

Ayoo akaleta kimoja. Akamwonyesha Luhaga kwa macho kwamba ndivyo bibi alivyo siku hizi, haoni vizuri. Luhaga akaketi.

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya pembeni, imewashwa, kadi za harusi za watu zikisubiri kuchapwa. Ilikuwa inanguruma. Luhaga amesikia feni mbovu elfu moja maishani mwake, zinazokwaruza, zinazolia kama nzi, zinazogonga. Hii ilikuwa tofauti. Ilivuta, ikakwama, ikaachia.

Hrrrr... ha. Hrrrr... ha.

"Unamsikia?" bibi aliuliza, na safari hii uso ulikuwa kwa mkwewe. "Unamsikia uliyemnyima pumzi?"

Ayoo akafumba macho. "Ndivyo anavyoniambia kila siku," alimnong'oneza Luhaga. "Ikiwaka tu, ananiambia hivyo. Na kazi za watu siwezi kuziacha, ndicho chakula cha watoto. Nisaidie, shemeji. Ikinyamaza labda na yeye atanyamaza."

Luhaga hakuweza kumtazama. Alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akasubiri kidogo kama fundi yeyote mwenye akili anavyosubiri, maana boksi lile hubaki na umeme uliolala ndani yake hata baada ya kuchomolewa. Kwenye kona, nyuma ya meza, kulikuwa na kitu cha kimo cha magoti kimefunikwa kitenge. Alikijua. Ile mashine. Akakipa kisogo.

Ayoo akamulika kwa tochi ya simu. Luhaga akafungua skrubu nne, akainua kifuniko cha boksi.

Harufu ikamjia usoni.

Boksi lililokaa miaka linanuka vumbi la moto, kila fundi anaijua harufu hiyo. Hili lilinuka dawa ya kuchua kifua. Ile kali, ya kijani, ambayo Otuoma alikuwa akijipaka shingoni na kifuani mpaka ukimkumbatia inabaki kwenye shati lako.

"Unasikia harufu?" Luhaga aliuliza.

"Harufu ya nini?"

Luhaga akainama tena. Akaitoa feni ya zamani, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka vizuri, laini, ikachukua muda mrefu kusimama. Akaizungusha tena. Haikuwa na ukavu, wala mchanga, wala bawa lililovunjika. Feni ile ilikuwa nzima kabisa. Sasa kilichokuwa kinanguruma ni nini?

Mtu mwingine angesimama hapo, akaaga. Luhaga aliendelea kwa sababu aliona aibu kusema anaogopa, na aibu alikuwa ameizoea kuliko woga. Akaifungua bahasha ya kaki. Akaiweka feni tulivu kwenye kiganja cha kushoto, akanyoosha mkono wa kulia kutafuta koleo.

Feni ikageuka.

Nusu mzunguko. Nyaya zake mbili zilikuwa zinaning'inia hewani, hazijagusa kitu. Dirisha lilikuwa limefungwa, mlango pia. Alidhani ni kiganja chake kinachotetemeka. Akaukaza mkono.

Ikarudi nyuma nusu mzunguko.

Ikaenda... ikarudi. Ikaenda... ikarudi. Na feni, ndugu zangu, hazirudi nyuma. Feni ina upande mmoja tu wa kwenda. Hii ilikuwa inaenda na kurudi taratibu kwenye kiganja chake, kama kifua cha mtu aliyelala. Mwanga wa tochi ukawa unacheza, na Luhaga akajua kwamba Ayoo naye ameona.

"Shemeji," Ayoo alinong'ona, "hiyo feni umeitoa wapi?"

Hapo mlango wa kukiri ulikuwa umefunguliwa kabisa. Mtu ameuliza swali jepesi, jibu liko kiganjani mwake.

"Dukani," Luhaga akasema.

Akafanya kazi haraka sasa. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, akasokota, akafunga tepu. Akakaza skrubu, mbili zikaanguka sakafuni asiziokote. Akafunika. Akachomeka ukutani, akabonyeza kitufe.

Kioo kikawaka. Feni ikazunguka.

Kimya.

Kimya kabisa. Ayoo alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu. "Ahsante, shemeji. Mungu aibariki mikono yako."

Aibariki mikono yake! Luhaga alitamani sakafu ipasuke. Akainama kukusanya vifaa ili asionekane uso. Ndipo akasikia kile ambacho kelele ilikuwa imekifunika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku ile aliuelewa msemo huo kwa shingo yake mwenyewe.

Mtu alikuwa anapumua nyuma yake.

Pumzi fupi, fupi, fupi, halafu moja ndefu inayokwaruza. Alikuwa ameisikia miaka miwili akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha Otuoma wakizungumzia mpira. Ilikuwa inamgusa nyuma ya sikio, ya moto, na ile harufu ya dawa ya kuchua.

Kisha kwenye kona...

Pii.

Ayoo akaruka. Simu ikamponyoka.

Pii... pii...

"Ile mashine," Ayoo alisema. "Haijachomekwa. Waya wake nimeuviringa mwenyewe, tangu siku ile. Shemeji, haijachomekwa popote!"

Waya kweli ulionekana chini ya kitenge, umeviringwa na kufungwa kwa kamba. Na kitenge kilikuwa kinapanda. Kinashuka. Kinapanda.

Bi Akumu peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. "Amesimama muda mrefu sana," alisema. "Nilisema leteni viti viwili."

"Nani, mama?" Ayoo akauliza.

"Huyu aliyeingia na fundi."

Pii. Pii.

"Anauliza," bibi akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa kando, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Anauliza lile swali la Okeyo. Nani ana kitu changu?"

Ayoo akaanguka magoti mbele ya mama mkwe wake, akamshika miguu. "Mama, mimi sina kitu chake! Niliiwasha, mama. Niliiwasha mara mbili, ikazima yenyewe, nikakimbia nitafute gari, Mungu ananiona! Nimeapa mara ngapi? Nifanye nini mniamini?"

"Wewe ndiye uliyekuwa chumbani," bibi akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma hukumu iliyokwisha andikwa.

Na Luhaga? Msininong'oneze kwamba alijitokeza. Luhaga aliokota mkoba wake. Naam. Mwanamke anasingiziwa mbele ya macho yake, analia sakafuni, na yeye akaupitisha mkoba begani, akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni. Akapiga ya pili. Ya tatu hakuifikia.

Hewa ilikatika.

Hakuna mkono uliomkaba. Hakuna kitu kilichomgusa. Alivuta hewa, ikaingia puani, ikaishia hapohapo. Akavuta tena kwa mdomo, haikufika kifuani. Akashika ukuta. Masikio yakaanza kuvuma, taa ikawa nyekundu, na ndani ya kifua kitu kilikuwa kinapata moto... kama mashine ambayo feni yake imekwama. Alijua anakufa. Alijua pia, kwa akili iliyobaki, wangesema nini kesho watakapomkuta amelala sebuleni kwa Ayoo. Wangesema amemmaliza na fundi. Wangesema mnaona sasa? Hata Jumamosi wasingeisubiri.

Jambo hilo lilimchoma kuliko kufa. Angeendelea kumponza mwanamke yule hata akiwa maiti.

Alipiga magoti. Akainua mkono kama mtoto darasani, maana sauti haikuwepo, na kwa pumzi iliyokuwa imebaki mdomoni akasema:

"Mimi."

Bibi akageuka. "Sema kwa nguvu. Macho yangu yamekufa, masikio bado."

"Mimi ndiye niliye na... kitu chake. Mimi."

Hewa ikaingia. Ikaingia yote kwa mpigo mmoja, akakohoa mpaka machozi, na huku akikohoa akasema. Alisema feni, alisema Igoma, alisema tone la mafuta ya cherehani. Alisema jinsi alivyoirudisha mashine ya mgonjwa na kusema iko safi, na mwalimu akamshukuru. Alisema jinsi alivyoifuata feni studio baada ya mazishi na kuificha kwenye droo. Alisema, "Shemeji hakuzima kitu. Swichi ile hujizima yenyewe mashine ikipata moto, na ilipata moto kwa sababu yangu. Na nilijua. Kaburini nilijua, nimeshika maikrofoni."

Ayoo alikuwa bado sakafuni. Hakulia tena. Alimtazama Luhaga kama anayemtazama mtu asiyemjua, aliyeingia nyumba siyo yake.

Bi Akumu akatoa simu yake ndogo kifuani, akampa mkwewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa kitu mkononi kwa miezi mingi. "Nipigie Okeyo. Weka sauti ya nje." Simu ikaita, mzee Okeyo akapokea, bibi akamwambia maneno mawili matatu ya Kijaluo, kisha akamnyooshea Luhaga simu. "Rudia."

Akarudia. Mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, niaminini. Mara ya kwanza alikuwa anaokoa roho yake, mara ya pili alikuwa anajisikiliza mwenyewe. Upande wa pili mzee Okeyo akakohoa.

"Jumamosi tunakuja palepale," alisema. "Ila tutakuja kumwomba radhi mke wetu. Na wewe uwepo. Utasema mbele ya watu wote, na safari hii maikrofoni utaisemea."

"Nitakuja, baba."

Simu ikakatika. Mashine kwenye kona bado ilikuwa inalia, taratibu sasa. Pii... na baada ya muda mrefu, pii.

"Umekwisha sema," bibi akamwambia Luhaga. "Sasa mpe kitu chake."

Basi akafanya. Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akaifungua tena, akakata tepu, akatoa feni. Akaondoa kitenge kwenye mashine. Ayoo akaiokota simu yake, akamulika. Ndani, feni kuukuu ilikuwa imegandamana na mhimili wake, nyeusi, ikinuka mafuta ya cherehani yaliyoungua. Akaing'oa. Akaipachika ile ya mwenyewe mahali pake, nayo ikakaa sawasawa, skrubu zikaingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Akafungua kamba ya waya, akachomeka, akawasha.

Mashine ikaanza kupumua polepole, kwa upole, bila kulia hata mara moja.

Mrija ulikuwa umening'inia pembeni na kinyago chake. Ayoo akakiokota, akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake. Luhaga anasema, na Ayoo hajawahi kukanusha, kwamba kile kinyago cha plastiki kiliingia ukungu. Ukungu wa mvuke, kwa ndani, kama kioo unachokihemea. Ukafutika. Ukaja tena. Ukafutika. Hakuna uso uliokuwa mbele yake. Ukitaka, sema ni unyevu wa miezi minane uliokuwa umelala ndani ya mrija, Luhaga mwenyewe hujaribu kusema hivyo siku ambazo anataka kulala. Ayoo alikishika bila kupepesa macho, ukungu ukaja mara ya saba au ya nane, mwembamba, ukafutika.

Haukuja tena.

"Ametosheka," Bi Akumu akasema. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mkwewe, akaushika, na wanawake wale wawili wakabaki hivyo.

Luhaga akakusanya vifaa vyake. Alitaka kusema samahani, lakini neno lile lilikuwa dogo mno, angeonekana anatania.

"Shemeji," Ayoo akamwita. Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Kuirudishia hapo, umetumia muda gani?"

Luhaga akatazama saa ya ukutani. Akatamani aongeze.

"Kama... dakika ishirini."

"Dakika ishirini," Ayoo akasema.

Hakumtukana, hakumpiga. Angempiga, Luhaga angeshukuru. Alikaa akiitazama ile saa, mkono ndani ya mkono wa mama mkwe wake, midomo ikitembea kama anayehesabu, na kila mtu mle ndani alijua anahesabu nini. Alhamisi ile mpaka alfajiri ya Jumapili zimo dakika ishirini ngapi?

Akatoka. Kwa desturi yetu mgeni husindikizwa, hata awe mgeni mbaya, hata iwe ni hatua tano za kutoka mlangoni. Hakuna aliyeinuka. Luhaga akavaa viatu barazani peke yake, kichwa chini, giza limekwisha ingia na taa za Igogo zimewaka mpaka kule majini. Akaanza kuteremka kuelekea getini.

Hatua zilizosikika kwenye kokoto hazikuwa zake tu.

Zilikuwa kando yake, upande wa kushoto, zinakwenda taratibu kama za mwenyeji anayemtoa mgeni. Hakukuwa na mkwaruzo, hakukuwa na kukohoa. Huyo mtu alikuwa anapumua vizuri, pumzi ndefu, nzima, za mtu ambaye kifua hakijawahi kumuuma. Luhaga hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anaona haya kuyafuta.

Getini, zile hatua zikasimama, zikamwacha apite.